Mashine ya boti inavuja petroli au haitaki kuwaka: anzia kwenye tangi

Mashine ikigoma ufukweni, iwe Mikindani, Msimbati au Kilwa Masoko huku kusini mwa Tanzania, mtu wa kwanza kufika anataka kufungua kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Bisibisi imeshatoka mfukoni kabla hajauliza lolote. Kuna siku anapatia, lakini mara nyingi ubovu uko nje ya kava kabisa: kwenye tangi, kwenye mpira wa mafuta, au kwenye vile vichwa vya plastiki ambavyo hakuna anayevitazama mpaka vivuje. Hapa tutaifuata petroli yenyewe inakopita, kuanzia tangi kwenda mbele, ili usifungue kitu ambacho hujui unakifungulia nini. Nazungumzia zaidi mashine za kuchanganya oili na petroli, yaani za mipigo miwili, zile Yamaha Enduro za HP 15 na HP 40 na nyingine za aina hiyo. Za mipigo minne nitazitaja pale zinapotofautiana.

Kabla hujagusa chochote

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unashuka na kulala kwenye ngama, pale chini ndani ya boti maji yanapojikusanya, na unakaa humo hata baada ya tone lenyewe kukauka. Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya kugandisha maji, sembuse joto la Lindi saa saba mchana. Ukisikia harufu, sigara izimwe, jiko la mkaa lishushwe pwani, kava livuliwe, ngama ikaushwe kwa matambara na upepo upite. Usipime moto wa plagi wakati harufu bado ipo. Cheche moja inatosha.

Na kunyonya petroli kwa mdomo ili ishuke kwenye mpira, acheni. Ikiteleza kidogo tu ikaingia kwenye mapafu, ni hospitali.

Inawaka vizuri, inakwenda kidogo, inazima

Hili ndilo lalamiko linalosikika kuliko yote, na swali la kwanza ni moja: "Mjomba, pumzi umefungua?"

Juu ya kifuniko cha tangi kuna skrubu ndogo ya hewa. Petroli inapovutwa kwenda kwenye mashine, hewa lazima iingie kushika nafasi yake. Skrubu ikiwa imefungwa, tangi linabaki na ombwe ndani, pampu ya mashine inavuta mpaka inashindwa, nguvu zinapungua, na baada ya dakika kadhaa mashine inazima. Ndiyo maana haikusumbua ulipoiwasha pale pale ufukweni. Tazama pampu ya mkono, kile kifuko cheusi kilicho katikati ya mpira: ikiwa imenywea na kuwa bapa, legeza kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa inavutwa kuingia ndani, kazi imekwisha, funga kava mwende zenu.

Skrubu hiyo hiyo inasababisha tatizo la pili ambalo wengi hawalihusishi nayo kabisa. Boti imeegeshwa, tangi jekundu liko juani, pumzi imefungwa na mpira bado umeunganishwa. Petroli inapata joto, mvuke unaongezeka, tangi linavimba mpaka unaliona. Presha hiyo haina pa kutokea ila kwenye mpira. Inaisukuma petroli mpaka kwenye kabureta, inaishinda ile sindano ndogo inayofunga njia, bakuli la kabureta linalohifadhi petroli linafurika, petroli inamwagika kwenye koo la kabureta na chini ya kava. Mnarudi baada ya adhuhuri, mashine inanuka petroli, mnavuta kamba mpaka mabega yanauma, haiwaki. Fundi akiitwa atasema sindano imekufa. Sindano ni nzima, ila haikuundwa kuzuia presha ya tangi lililochemka.

Kwa hiyo ukiegesha, chomoa mpira kwenye mashine kwanza, funga pumzi, sogeza tangi kivulini au lifunike kwa kipande cha turubai. Ukirudi, fungua pumzi kwanza, acha presha itoke, ndipo uunganishe mpira. Ukigeuza mpangilio huo, unaisukumia mashine presha yote kwa mkupuo.

Wanaotumia dumu la lita 20 badala ya tangi wana shida yao. Dumu halina pumzi, hivyo wengi huacha mdomo wazi na kuuziba kwa kitambaa. Hewa inaingia kweli, lakini maji ya bahari na mchanga navyo vinaingia. Tangi la kiwandani lina bei, najua, ila pesa hiyo unailipa kidogo kidogo kwa fundi wa kabureta.

Pampu ya mkono

Kama ningeambiwa nitumie kifaa kimoja tu kutafuta ubovu, ningechagua hiki. Mshale uliochorwa juu yake uelekee kwenye mashine. Ukiwa unaiminya, ishike imesimama ili mshale uangalie juu, maana valvu za ndani hufanya kazi vizuri zaidi namna hiyo. Minya mpaka iwe ngumu, kisha iache.

Ikibonyea tu na haijai hata uminye mara ngapi, inavuta hewa mahali fulani, au valvu zake zimekufa, au bomba la ndani ya tangi limepasuka juu ya usawa wa petroli. Hapa watu hupotea. Kati ya tangi na pampu ya mkono, mpira wenye ufa mara nyingi haudondoshi petroli nje, unavuta hewa ndani. Utaupapasa wote, utaukuta mkavu, utasema ni mzima. Kunja mpira karibu na kila kleme, uone kama kuna nyufa nyembamba zinazofunguka. Fungua na kile kichwa cha plastiki kinachoingia kwenye tangi utazame oringi yake, ile pete ya mpira: ikiwa imekuwa bapa au imekatika, hewa inapita hapo.

Njia ya haraka kuliko zote, na haihitaji ufundi wowote, ni kuazima tangi na mpira wa jirani vikiwa pamoja, uviunganishe kwenye mashine yako. Ikikwenda, mashine yako haina kosa. Ikigoma vile vile, mrudishie vyake kwa shukrani na uendelee mbele.

Ikiwa ngumu kisha ikalegea yenyewe wakati mashine imezimwa, petroli inakwenda mahali, na kazi yako ni kujua wapi. Kausha viungio vyote kwa kitambaa, weka kipande cha tishu chini ya kila kimoja, minya tena, subiri. Tishu iliyolowa imekujibu. Zikiwa kavu zote, vua kava utazame koo la kabureta, pale choki ilipo: petroli ikichuruzika hapo, ni sindano au boya linaloiinua sindano ifunge. Koo likiwa kavu, toa plagi. Plagi zikitoka zimelowa chapachapa na mashine haijavutwa hata mara moja, basi shuku kwamba dayaframu, ule utando laini ndani ya pampu ya mafuta ya mashine, imetoboka. Kwenye mashine hizi pampu husukumwa na pumzi inayotoka kwenye kasha la chini la injini, na dayaframu ikitoboka, petroli inateremka kwa njia hiyo hiyo mpaka ndani. Na kama kila mahali ni pakavu, valvu ya pampu ya mkono inarudisha petroli kwenye tangi. Huo si ubovu wa hatari, ila utakuchosha kila alfajiri kwa kuvuta kamba.

Ikiwa ngumu kama jiwe na mashine bado haipati mafuta, tazama kichwa kinachobanwa kwenye mashine. Ndani yake kuna kigololi kinachofunga njia, na chumvi ikikigandisha hakifunguki hata kichwa kikae vizuri namna gani. Chujio lililoziba linatoa dalili hiyo hiyo.

Kuna na ile mashine inayokwenda mradi mtu mmoja anaminya pampu. Mtazame huyo anayeminya. Kama pampu inanywea mkononi mwake, kizuizi kiko nyuma yake, upande wa tangi: pumzi, au lile chujio dogo la chini ya bomba la tangi lililojaa uchafu. Kama pampu imejaa wakati wote na bado mashine inahitaji kusukumiwa, ubovu uko mbele, na wa kwanza kushukiwa ni dayaframu. Kwa vyovyote vile kijana aendelee kuminya mpaka mfike pwani.

Mpira wenyewe

Mpira wa maji unaoonyesha ndani, ule wa kwenye bustani, usiuweke kwenye petroli. Miezi michache tu unakuwa mgumu kama fimbo, unapasuka kwenye kleme, na ukikunjwa unaziba. Waya wa kufungia badala ya kleme unaukata mpira taratibu bila wewe kuona. Tumia kleme ya chuma kisichoshika kutu, ya kipimo sawa na mpira.

Kuna ujanja wa sabuni ya mche, nao ni wa kweli. Ufa mwembamba kwenye tangi, ukisugua sabuni kavu juu yake, unaziba kwa muda kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni. Ni wa kukufikisha nyumbani tu. Vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli havifai hata kwa hilo, vinavimba na kulegea vikilowa petroli.

Uvujaji chini ya kava

Ukishahakikisha kwamba petroli inamwagikia kwenye koo la kabureta, usifungue bado. Gonga bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi mara kadhaa, kisha minya pampu tena. Mara nyingi ni chembe moja ya mchanga au ya kutu iliyokaa kwenye kiti cha sindano, na mtikisiko unaiondoa. Isipoacha, legeza skrubu ya kumwagia iliyo chini ya bakuli, ukinge kwenye chupa ya kioo. Itazame ikishatulia. Matone ya duara yanayotembea chini ni maji. Vumbi jekundu ni kutu, na mara nyingi linatoka kwenye pipa ulikonunua. Ute wa kahawia wenye harufu ya vanishi ni petroli iliyolala muda mrefu.

Ndani ya bakuli kuna boya. Litikise sikioni, ukisikia kitu kinachezacheza ndani, limeingia petroli, halielei tena, na sindano haitafunga hata uisafishe vipi. Sindano yenyewe itazame ncha: ikiwa na alama ya mduara iliyochimbika, badilisha pamoja na kiti chake kama kinatoka.

Jeti, yaani vile vipande vyenye tundu dogo la kupitisha petroli ndani ya kabureta, usizitoboe kwa waya. Tundu lake limepimwa, na mkwaruzo mdogo tu unabadilisha kiasi cha mafuta. Kipande cha mshipi wa kuvulia kinapita bila kuumiza, kisha puliza kwa pampu ya baiskeli. Gasketi ya bakuli ikiwa imechoka, tafuta nyingine. Wapo wanaopaka silikoni. Petroli inaivimbisha na kuivunja vipande vipande, na vipande hivyo vinakwenda moja kwa moja kwenye jeti ulizotoka kusafisha.

Matone machache mara tu unapoinua mashine baada ya kuegesha si ubovu. Ni bakuli limelala upande. Dawa yake ni kuchomoa mpira ukikaribia pwani na kuiacha mashine imalize petroli iliyobaki kwenye kabureta, ndipo uiinue.

Mashine za mipigo minne zina hatari yao ya pekee. Kwa nyingi zenye kabureta, dayaframu ikitoboka petroli inaingia kwenye oili. Chomoa kijiti cha kupimia: oili ikiwa imepanda juu ya alama na inanuka petroli, usiiwashe kabisa mpaka itengenezwe na oili imwagwe, kwani oili iliyochanganyika na petroli hailainishi inavyotakiwa.

Hakuna kinachovuja, lakini haiwaki

Ile kamba nyekundu ya usalama, klipu yake imekaa? Gia iko nyutro? Mashine nyingi kamba haivutiki kabisa gia ikiwa imeingia, na watu wamewahi kufungua mashine nzima kwa sababu hiyo.

Kisha toa plagi. Kavu, maana yake petroli haifiki. Rudi nyuma kwenye tangi na pampu. Imelowa petroli, maana yake mafuta yapo na moto haupo, au umeizamisha kwa choki. Nyeusi yenye mafuta mazito, unazidisha oili. Yenye kutu na chumvi, itupe, plagi si kitu cha kuonea huruma. Weka yenye namba ile ile iliyo kwenye kitabu cha mashine, na mwanya wake upime kwa geji kama kitabu kinavyotaka, badala ya kukisia kwa jicho.

Mashine iliyozama petroli inakaushwa hivi: chomoa mpira, toa klipu ya kamba nyekundu ili moto ukatike, toa plagi, vuta kamba mara kadhaa petroli iruke nje, subiri upepo upite. Rudisha plagi kavu, rudisha klipu, choki iwe imezimwa, mkono wa kasi ufunguliwe nusu, vuta. Ikishika ndipo uunganishe mpira. Mashine iliyokuwa inakwenda na bado ina joto haihitaji choki hata kidogo. Wengi huizamisha wenyewe kwa mazoea ya asubuhi.

Plagi mpya, petroli ipo, moto hauonekani? Kitufe cha kuzimia na waya zake vinashambuliwa sana na chumvi, na vikipiga shoti vinazima moto kama vile umekibonyeza wewe. Zaidi ya hapo ni koili na vitu vya chini ya gurudumu la injini, lile linalozungushwa na kamba, mpe fundi.

Inawaka kwa choki tu, ukiitoa inakufa, lakini ukiifungulia kasi kubwa inakwenda: jeti ya sailensa, ile ya mwendo wa polepole, imeziba. Hiyo ni kabureta kweli, mwacheni huyo wa bisibisi afanye kazi yake.

Petroli uliyonunua

Petroli ya chupa na madumu vijijini ina safari ndefu kabla ya kukufikia. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2011 serikali ya Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipungue. Petroli yenye mafuta ya taa inawasha kwa shida asubuhi, inatoa moshi mwingi na kuchafua plagi upesi. Dondosha kidogo kwenye karatasi nyeupe kivulini: petroli safi inakauka upesi, mafuta ya taa yanaacha doa lenye ute. Pima kabla hujaweka oili, maana oili nayo inaacha doa.

Maji yanaingia zaidi wakati wa mvua zetu, Desemba hadi Aprili. Dalili yake ni ya kipekee. Ndani ya ghuba mashine inakwenda kama mpya, mkitoka nje penye mawimbi inaanza kumisi na kuzima. Tangi likitikisika, maji na uchafu uliolala chini unanyanyuka na kufikia bomba. Kipindi cha kusi, Juni hadi Septemba, bahari ikichafuka, matangi ambayo hayajawahi kuoshwa hujulikana yote. Mwaga yote, suuza kwa petroli kidogo, kausha, na uchuje kila unapojaza.

Oili kwa mashine nyingi za aina hii ni 50 kwa 1, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20. Mashine mpya inapozoeshwa kazi hupewa 25 kwa 1 kwa saa 10 za mwanzo. Soma kibandiko cha mashine yako, zipo zinazotofautiana. Tumia oili yenye alama ya TC-W3, yaani ya mashine za boti za mipigo miwili. Oili ya pikipiki inaacha majivu kwenye plagi, na ile oili namba 40 ya gari haikutengenezwa kuungua kabisa. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya miezi miwili kwenye joto letu usiutegemee safari ndefu.

Kujaribu baada ya matengenezo

Usiijaribu ikiwa kavu juu ya mchanga. Raba ya pampu ya maji inaungua kwa dakika chache tu. Ifunge kwenye pipa la maji, au boti ifungwe ufukweni maji yakiwa yamejaa, na uiache ikwende robo saa nzima, muda wa kutosha kwa pumzi au chujio kuonyesha kilichofichwa. Zima, vua kava, pitisha tishu kavu kwenye kila kiungio, unuse. Safari ya kwanza msitoke nje ya mwamba. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima na kusi inausaidia, kwa hiyo boti iliyozimikia nje ya Msimbati haitabaki ilipo: weka makasia, nanga yenye kamba ndefu, plagi mbili, spana yake, oringi za vichwa na pampu ya mkono ya akiba.